INDIA: HESABU YA WATU NA NJIA YA KUFIKA KIJIJINI

Mwezi wa Juni 2025 Serikali ya India ilitangaza rasmi kwamba hesabu ya watu wa nchi hiyo itafanyika mwaka 2027. Hesabu iliyotangulia ilifanyika mwaka 2011. Ile iliyokuwa ifuate mwaka 2021 iliahirishwa kwa sababu ya maradhi ya korona, kisha ikaahirishwa tena hata baada ya maradhi yenyewe kupungua. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo imewahesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1881, na ambayo haikuacha kufanya hivyo hata mwaka 1941, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto.

Waliolizungumzia tangazo hilo katika miji mikubwa walitazama zaidi mgawanyo wa viti vya Bunge na swali la matabaka ya kuzaliwa. Hayo ni mambo makubwa, wala hapana wa kuyabeza. Lakini liko jambo jingine lisilosemwa sana, nalo linawagusa watu wa vijiji vidogo kuliko hayo yote. Kwa robo karne sasa, idadi ya watu iliyoandikwa katika daftari la serikali ndiyo inayoamua kama kijiji kitapata barabara au kitaendelea kungoja. Na kijiji kinachongoja huendelea kupungukiwa na watu.

Katika hesabu ya mwaka 2011 India ilikuwa na watu wapatao milioni 1,210. Kati yao milioni 833 waliishi vijijini. Vijiji vyenye wakazi vilikuwa karibu 597,000, kwa hiyo kila kijiji kilikuwa na wastani wa watu kiasi cha 1,400. Wastani huo, hata hivyo, unaficha mengi. Viko vijiji vya bonde la mto Ganga vilivyo na watu zaidi ya 10,000, ambavyo kwingineko vingeitwa miji. Na viko vijiji vya milimani na vya misituni ambamo watu wote wakikusanyika hawazidi abiria wa basi moja. Wahindi wenyewe hutaja hesabu hizi kwa laki, neno ambalo lilivuka bahari zamani likaingia katika Kiswahili, kama lilivyoingia neno gari. Tofauti ni kwamba huko lilikotoka neno gari, viko vijiji ambavyo hadi leo gari halifiki.

Baada ya kila hesabu hutolewa kitabu cha kila wilaya. Ndani yake kila kijiji kina mstari wake mmoja tu: ukubwa wa ardhi kwa hekta, idadi ya kaya, wanaume, wanawake, watoto wa chini ya miaka saba, wanaojua kusoma. Kisha hufuata huduma: shule, zahanati, posta, basi, stesheni ya reli. Kama huduma haimo kijijini, mahali pake huandikwa herufi. Katika vitabu vya mwaka 2011 herufi ya kwanza ya alfabeti ina maana kwamba huduma iko umbali usiofika kilomita 5. Ya pili, kati ya kilomita 5 na 10. Na ya tatu, kilomita 10 au zaidi. Ofisa aliyezoea kusoma ramani ya kijeshi atauelewa mstari huo mara moja. Ni maelezo mafupi ya mahali, bila pambo lolote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina kaya 92 na watu 481. Shule ya msingi imo. Shule ya sekondari ina herufi ya pili. Hospitali, herufi ya tatu. Basi, herufi ya pili. Mstari unaishia hapo. Haukusema kwamba kati ya kijiji na kituo cha basi kuna mto usio na daraja. Haukusema pia kwamba njia yenyewe ni ya udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka ulimbo mvua inaponyesha, kama ulivyo katika sehemu nyingi za nyanda za Dekani na Malwa. Kilomita 8 za mwezi wa Februari ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kilomita zizo hizo mwezi wa Agosti, mvua za monsuni zinapokuwa zimekaza, haziwezi kupimwa kwa saa. Mkokoteni wa ng'ombe huzama hadi ekseli. Pikipiki hubebwa na mwenyewe. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hulazwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne wakashika miguu ya kitanda, na safari ikaanza. Huduma ya magari ya wagonjwa inayoitwa kwa simu namba 108, iliyoanzishwa Andhra Pradesh mwaka 2005 na kuenea katika majimbo mengi, imeokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini gari hilo linafika pale linapoweza kufika, na kutoka hapo kitanda cha kamba ndicho machela.

Mtu mmoja aliyeijua shida hiyo kuliko wengi alikuwa Dashrath Manjhi, kibarua wa kijiji cha Gehlaur, wilaya ya Gaya, jimbo la Bihar. Kilima cha mawe kilisimama kati ya kijiji chake na mji wa Wazirganj, ambako kulikuwa na huduma za matibabu, na watu walilazimika kukizunguka. Mkewe alipofariki, Manjhi alichukua nyundo na tindo akaanza kukipasua kilima. Alianza mwaka 1960 na kumaliza mwaka 1982. Njia aliyoichonga ina urefu wa kiasi cha mita 110 na upana wa mita 9, nayo ilipunguza safari ya kilomita 55 ikawa 15. Alipofariki mwaka 2007 serikali ya jimbo ilimzika kwa heshima za kitaifa. Habari hiyo husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa mtu mmoja, na ndivyo kilivyo. Lakini ni vema kukumbuka pia kwamba katika miaka hiyo 22 serikali yenye wahandisi na baruti haikufika hapo.

Mpango mkubwa wa kuvifikia vijiji ulikuja tarehe 25 Desemba 2000, wakati wa Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee. Unaitwa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, maana yake Mpango wa Waziri Mkuu wa Barabara za Vijiji. Shabaha yake ilikuwa kukipa kila kijiji kisicho na njia barabara inayopitika masika na kiangazi, yenye madaraja na makalvati yake. Kwa kuwa fedha hazikutosha kwa wote mara moja, ilibidi pawekwe mpaka. Katika nchi tambarare, mahali penye watu 500 au zaidi palistahili. Milimani, jangwani na katika maeneo ya makabila ya asili, mpaka uliwekwa kwenye watu 250. Baadaye, katika wilaya zilizokuwa na uasi wa Wamao, mpaka ulishushwa hadi watu 100. Na mahali pahesabiwe kuwa hapana njia ilibidi pawe mbali na barabara kwa mita 500 angalau, au kilomita moja na nusu ya mwendo milimani.

Kazi iliyofanyika ni kubwa, wala haifai kupunjwa sifa. Zaidi ya kilomita 750,000 za barabara zimejengwa chini ya mpango huo. Nyingi ni nyembamba, upana wa lami ukiwa mita 3.75 au mita 3 tu, basi moja likipishana na mkokoteni kwa shida; lakini zinapitika. Mkandarasi hutakiwa kuitunza barabara kwa miaka mitano baada ya kuijenga. Baada ya hapo mzigo huwa wa jimbo, na hapo ndipo mashimo huanza kuonekana katika majimbo yasiyo na fedha au yasiyo na bidii.

Sasa na turudi kwenye kijiji chetu cha watu 481. Kimekosa watu 19. Jirani yake mwenye watu 510 amepata lami. Yeye amebaki na tope. Sheria inaruhusu vitongoji vilivyo karibu, visiozidi mita 500 kati yao, vijumlishwe ili kufikisha idadi. Kwa hiyo huzuka mabishano ambayo yangechekesha kama yasingekuwa na uzito: kitongoji hiki kinahesabiwa pamoja na kile, au korongo lililo katikati ni pana mno? Hapo huingia na jambo la matabaka. Katika vijiji vingi vya India wale waliokuwa wakiitwa wasioguswa huishi katika kitongoji cha pembeni, mbali na visima na mahekalu ya wengine. Barabara ikifika penye nyumba za wenye mashamba, ramani ya wilaya huweza kuonyesha kwamba kijiji kimefikiwa, hali kitongoji cha pembeni bado kinakanyaga maji.

Tena hesabu inayotumiwa ni ya zamani. Kwa miaka mingi mpango ulitumia hesabu ya mwaka 2001. Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024 kwa gharama ya rupia zipatazo bilioni 701 ili kuvifikia vijiji na vitongoji 25,000 kwa kilomita 62,500 za barabara, inatumia hesabu ya mwaka 2011, nayo imepangwa kuendelea hadi mwaka wa fedha 2028 na 2029. Mtoto aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya hesabu ile atakuwa amefikia umri wa kupiga kura, na bado kwa habari ya barabara hayumo.

Kuna na jambo la majira. Hesabu ya mwaka 2011 ilichukuliwa kati ya tarehe 9 na 28 Februari. Huo ni wakati ambapo mavuno ya mvua yamekwisha na familia nyingi maskini zimekwenda kufyatua matofali katika matanuri ya mbali au kukata miwa. Karani wa hesabu anaweza kukuta kufuli mlangoni, na watu wa nyumba hiyo wakahesabiwa kwingineko au wasihesabiwe kabisa. Basi kijiji kisicho na njia hakina soko, kisicho na soko hakina kazi, kisicho na kazi hutoa watu wake. Na watu wakiondoka, idadi hushuka chini ya ule mpaka unaoleta njia. Katika jimbo la milimani la Uttarakhand, tume ya serikali ya jimbo ilieleza mwaka 2018 kwamba vijiji 734 vilikuwa vimebaki bila mkazi hata mmoja tangu mwaka 2011.

Uttarakhand inapakana na China, na hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la mhandisi peke yake. Mkulima wa mpakani ni jicho la kwanza la ulinzi. Anamjua kila mtu apitaye na kila mbuzi aliyepotea. Akihama, jeshi hubaki likilinda mawe. Hapana shaka fikira hiyo ndiyo iliyoifanya Serikali ya India iidhinishe, Februari 2023, mpango wa kuvihuisha vijiji vya mpaka wa kaskazini katika Arunachal Pradesh, Sikkim, Uttarakhand, Himachal Pradesh na Ladakh, ikianza na vijiji 662. Barabara imetajwa mwanzoni kabisa mwa orodha ya mahitaji yake.

Lakini India imewahi pia kujaribu njia iliyo kinyume: badala ya kuipeleka barabara kwa watu, iliwapeleka watu kwenye barabara. Mwaka 1966 wapiganaji wa Mizo National Front waliasi katika milima ya kaskazini-mashariki, mahali ambapo sasa ni jimbo la Mizoram. Mwezi wa Januari 1967 jeshi lilianza kuwahamisha wanavijiji na kuwakusanya kando ya barabara itokayo Silchar kwenda Aizawl na Lunglei. Katika awamu ya kwanza vijiji 106 vilikusanywa katika vituo 18. Nyumba zilizoachwa zilichomwa ili zisiwafae waasi. Kwa hesabu ya kijeshi mpango huo ulikuwa na maana yake: waasi walinyimwa chakula na habari, na misafara ilipata usalama zaidi. Kwa mwanakijiji maana ilikuwa nyingine. Shamba lake lilibaki mbali mlimani, kutoka kituoni kulihitaji kibali, na chakula kikawa cha mgawo. Amani haikupatikana kwa uhamisho huo. Ilikuja kwa mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 30 Juni 1986, miaka 20 baada ya uasi kuanza.

Katika misitu ya Bastar, kusini mwa jimbo la Chhattisgarh, barabara yenyewe iligeuka uwanja wa vita. Wapiganaji wa Chama cha Kikomunisti cha India cha Wamao walijua kwamba lami ikifika, magari ya polisi yangefika; tena ni vigumu zaidi kufukia bomu chini ya lami au zege kuliko chini ya udongo. Kwa hiyo walichoma mitambo ya wakandarasi na kukata njia kwa mahandaki. Polisi nao ikawabidi kujenga barabara huku wameshika bunduki. Kila asubuhi kikosi cha kufungua njia kilitangulia kwa miguu, kikiichunguza ardhi hatua kwa hatua kabla ya gari la kwanza kupita. Tarehe 11 Machi 2017 askari 12 wa Polisi wa Akiba wa Serikali Kuu waliuawa karibu na Bhejji wakiwa katika kazi hiyo. Tarehe 24 Aprili mwaka uo huo wengine 25 waliuawa karibu na Burkapal, katika barabara ya Dornapal kwenda Jagargunda, walipokuwa wakiwalinda wajenzi. Barabara ya kilomita 56 tu, na ni wachache wanaoijua bei yake kama askari wenzao waliobaki.

Yafaa pia kumsikiliza mwanakijiji wa Bastar, kwa sababu yeye ndiye aliyeandikwa katika daftari. Kwake barabara haiji peke yake. Huja na mwalimu na muuguzi, na huja pia na kambi ya polisi, na katika nchi yenye chuma ardhini kama ile ya Dantewada, huja na hofu ya malori ya migodi. Mwezi wa Mei 2021 wanakijiji wa Silger na vijiji vya jirani walikusanyika kupinga kambi waliyosema imejengwa katika ardhi yao bila ridhaa yao. Tarehe 17 Mei polisi walifyatua risasi na watu 3 wakauawa. Polisi walisema Wamao ndio waliouchochea umati, wanakijiji walikana. Maandamano yale yaliendelea kwa miezi mingi baadaye. Tangu wakati huo nguvu za Wamao zimepungua sana, na Mei 2025 katibu mkuu wao, Nambala Keshava Rao, aliuawa katika mapigano wilayani Narayanpur. Lakini mahali ambapo mtu wa kwanza wa serikali kuonekana alikuwa mwenye bunduki, mwalimu ajaye nyuma yake huwa na kazi ngumu zaidi ya kuaminiwa.

Barabara ikishafika, huleta nini? Wataalamu wawili wa uchumi, Sam Asher na Paul Novosad, walichapisha mwaka 2020 utafiti uliovilinganisha vijiji vilivyokuwa juu kidogo ya mpaka wa idadi ya watu na vile vilivyokuwa chini yake kidogo; yaani kijiji chetu cha watu 481 na jirani yake wa 510. Waligundua kwamba barabara iliwawezesha watu wengi kuacha vibarua vya mashambani na kwenda kufanya kazi nje ya kijiji. Lakini mavuno, mapato na mali za kaya hazikubadilika sana katika miaka michache ya kwanza. Utafiti mwingine walioufanya pamoja na mwenzao Anjali Adukia ulionyesha kwamba watoto wengi zaidi waliendelea na masomo ya kati. Matokeo hayo yaliwashangaza waliotarajia utajiri wa ghafla. Hayapaswi kumshangaza anayejua kwamba barabara ni njia ya kupita tu. Kinachopita juu yake ni jambo la pili.

Na mara nyingi kinachokosekana ni chombo. Mwaka 2011, katika kila kaya 100 za vijijini India, kiasi cha kaya 46 zilikuwa na baiskeli, 14 zilikuwa na pikipiki au skuta, na 2 tu zilikuwa na gari. Basi la shirika la jimbo haliendi penye abiria wachache. Pengo hilo huzibwa na jipu kuukuu zinazojaza watu hadi juu ya paa, na vile vyombo vya magurudumu matatu ambavyo Afrika Mashariki huitwa bajaji kwa jina la kampuni ya Kihindi inayoviunda. Serikali ya Bihar iliona kwamba wasichana wengi waliacha shule kwa sababu ya umbali tu. Mwaka 2006 ilianza kumpa kila msichana aingiaye darasa la tisa rupia 2,000 za kununulia baiskeli. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walikuta kwamba idadi ya wasichana walioandikishwa katika sekondari ilipanda kwa karibu theluthi moja, na zaidi katika vijiji vilivyo mbali na shule kwa kilomita 3 au zaidi. Gharama yake ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya lami. Wasichana walipita makundi kwa makundi, na njia iliyokuwa ikiogopwa na mmoja ikapitwa na kumi.

Hesabu ijayo itachukuliwa kwa simu za mkononi badala ya karatasi, na makarani watapita nyumba kwa nyumba kama walivyofanya waliowatangulia. Kwa sehemu kubwa ya India tarehe ya kuhesabia iliyotangazwa ni 1 Machi 2027. Kwa Ladakh na sehemu za Jammu na Kashmir, Himachal Pradesh na Uttarakhand zinazofunikwa na theluji, tarehe iliyowekwa ni 1 Oktoba 2026, miezi mitano kabla ya wengine, kwa kuwa baada ya hapo theluji huanza kuzifunga njia na karani hawezi tena kuzifikia nyumba za watu anaotumwa kuwahesabu.